Mvua, ukame na asili yetu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha historia ya kale, na kila ninapopata nafasi nawapeleka wanafunzi kwenye Bonde la Ufa kuona mahali ambapo mifupa na zana za watu wa zamani zilichimbuliwa. Maswali yaliyo hapa ni yale wanayoniuliza wao, wazazi wao na walimu wenzangu, hasa lile kubwa: je, mabadiliko ya hali ya hewa ya zama za kale ndiyo yaliyotufanya tuwe watu? Nimejibu kwa kirefu pale ushahidi ulipo mwingi, na kwa ufupi pale ulipo mchache.

Mazingira yanahusianaje na mageuko ya binadamu?

Kila kiumbe huishi kwa kile anachokipata mahali alipo. Mvua ikipungua kwa muda wa maelfu ya vizazi, miti hupungua, nyasi hutanda, maji huwa ya kuyafuata mbali, na wanyama wanaowinda na wanaowindwa hubadilika. Katika hali hiyo wale wenye maumbile au tabia inayowafaa huacha watoto wengi kuliko wenzao, na polepole kundi zima hugeuka. Ni hivyo kwa pundamilia, kwa samaki wa ziwani na kwetu sisi. Ugumu uko kwenye kuonyesha ni badiliko lipi la mazingira lililozaa badiliko lipi la mwili au akili, tena mamilioni ya miaka iliyopita, huku mkononi una mifupa michache na udongo.

Kwa hiyo mnasema tulitokana na nyani?

Si nyani hawa tunaowaona wakivamia mashamba ya mahindi. Sisi na sokwe tuna mababu wa pamoja walioishi Afrika, pengine miaka milioni 6 hadi 8 iliyopita. Baada ya hapo kila tawi lilishika njia yake, na sokwe nao wamegeuka kwa njia yao. Kuuliza mbona sokwe wa leo hawageuki watu ni kama kuuliza mbona binamu yako hakuzaliwa na mama yako. Viumbe wa tawi letu, wale waliotutangulia, wataalamu wetu huwaita zamadamu, na nitatumia neno hilo.

Wapo wanafunzi wanaoniuliza faraghani kama wakiyakubali haya watakuwa wameacha dini. Siwezi kumjibia mtu imani yake. Ninachoweza ni kumwonyesha mashapo, mifupa na umri wake. Nimewajua watu wa machimbo wanaosali Ijumaa au Jumapili na kesho yake wamerudi shimoni na brashi zao.

Kwa nini Afrika Mashariki inatajwa sana?

Sababu ziko mbili, na mara nyingi watu hutaja moja tu.

Ya kwanza ni ardhi yenyewe. Kwa mamilioni ya miaka eneo hili limekuwa likiinuka na kupasuka, na mpasuko huo ndio Bonde la Ufa. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni nyangumi wa Turkana. Mwaka 1964 huko Loperot, magharibi mwa Ziwa Turkana, yalipatikana masalia ya nyangumi wa miaka milioni 17 iliyopita. Nyangumi, katika nchi ya ngamia! Alikuwa amepotea njia, akapanda mto kutoka Bahari ya Hindi mpaka akafia ndani kabisa ya bara. Mahali alipofia pako leo kama kilomita 740 kutoka pwani na mita 620 juu ya usawa wa bahari. Nyangumi hapandi maporomoko, kwa hiyo siku zile nchi ilikuwa tambarare na ya chini. Baadaye ikainuka. Upepo wenye unyevu uliokuwa ukipita bila kizuizi ukaanza kugonga miinuko na kumwaga mvua upande mmoja, upande wa pili ukabaki mkavu. Mahali palipokuwa pamoja pakawa vipande: mlima wenye msitu, chini yake nyika, katikati ziwa, na umbali kati ya kimoja na kingine ni mwendo wa siku moja au mbili.

Sababu ya pili ni utunzaji. Volkano za bonde zilifunika mifupa kwa majivu, na majivu hayo yana madini yanayoweza kupimwa umri. Maziwa yalifunika mingine kwa tope. Halafu ardhi ikapasuka na mito ikachimba, tabaka za chini zikajitokeza juu. Kwa maneno mengine, hapa ndipo mifupa ilipohifadhiwa vizuri na ikafikika kwa urahisi. Haina maana kwamba hapa tu ndipo watu walipoishi. Fuvu la Sahelanthropus, zamadamu wa kale sana, lenye umri wa miaka kati ya milioni 6 na 7, lilipatikana mwaka 2001 nchini Chadi, kama kilomita 2,500 magharibi mwa Bonde la Ufa. Mifupa ya Jebel Irhoud huko Moroko, ya watu wanaofanana sana nasi usoni, ina miaka kama 300,000. Afrika Kusini nayo ina mapango yaliyojaa visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe. Naipenda nchi yangu, lakini asili yetu ni ya bara zima.

Shuleni nilifundishwa kwamba msitu ulikauka, mababu zetu wakashuka mitini, wakasimama wima nyikani. Ni kweli?

Sehemu yake ni kweli, lakini mpangilio wake hausimami tena. Dhana hii ilipata nguvu tangu Raymond Dart alipotangaza fuvu la mtoto wa Taung, Afrika Kusini, mwaka 1925. Ilikuwa simulizi nyepesi kukumbuka: miti imeisha, simama uone mbali.

Kisha ushahidi ukaanza kuleta taabu. Orrorin, zamadamu aliyepatikana mwaka 2000 katika vilima vya Tugen, Baringo, ana umri wa miaka kama milioni 6, na mfupa wa paja lake unaonyesha dalili za kutembea wima. Alipatikana pamoja na masalia ya wanyama wa mahali penye miti. Ardipithecus wa Aramis, Ethiopia, wa miaka milioni 4.4, aliyeelezwa kwa kina mwaka 2009, alikuwa na nyonga inayomruhusu kutembea kwa miguu miwili na bado kidole gumba cha mguu kilikuwa cha kushikia matawi. Timu iliyomchimbua inasema aliishi penye miti mingi. Inaonekana basi kwamba kutembea wima kulianza miti ikiwa bado ipo.

Taabu nyingine ilitoka Uganda. Mwaka 2023 zilichapishwa tafiti kuhusu Moroto na maeneo mengine ya Afrika Mashariki, zikionyesha kwamba nyasi za nchi za joto zilikuwapo hapa tangu miaka milioni 21 iliyopita, zaidi ya miaka milioni 10 kabla ya wakati uliodhaniwa. Na Morotopithecus, sokwe mkubwa wa siku hizo, aliishi katika pori la miti iliyoachana, nyasi zikiwa chini yake. Kwa hiyo nyika haikumvamia mtu ghafla. Nyasi na miti vimekuwa vikigombania ardhi hii muda mrefu kabla ya tawi letu kuwapo.

Nyayo za Laetoli zinasema nini kuhusu mazingira ya wakati huo?

Laetoli iko kaskazini mwa Tanzania, karibu na Olduvai. Nyayo zake zinasema mengi, na kwa mtu aliyewahi kusubiri masika zinasema kwa lugha anayoijua. Kama miaka milioni 3.66 iliyopita, volkano ya jirani ilitema majivu mepesi juu ya nchi kavu. Mvua ikanyesha kidogo. Alama za matone bado zinaonekana. Majivu yakawa kama saruji mbichi. Wakapita kanga, sungura, twiga, tembo, na zamadamu wakitembea wima kama sisi. Jua likakausha, majivu mengine yakafunika.

Timu ya mwanaakiolojia Mary Leakey iliziona nyayo za zamadamu mwaka 1978. Mwaka 2016 kundi ambalo Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa viongozi wake lilitangaza nyayo nyingine karibu na hapo, za mtu mrefu kuliko wenzake.

Jambo ambalo wageni hawalioni ni lile ambalo halipo. Katika mifupa ya Laetoli hakuna kiboko wala mamba. Hapakuwa na ziwa wala mto mkubwa. Zamadamu hawa, wa jamii ya Lucy, yule zamadamu mashuhuri wa Ethiopia, waliweza kuishi mahali pa nyasi, vichaka na miti ya hapa na pale, penye maji ya kutafuta. Huko Hadar, nyumbani kwa Lucy, jamii hiyohiyo iliishi karibu na mito na ziwa. Huyu tayari alikuwa kiumbe asiyechagua sana mahali pa kukaa.

Zamani hizo hapakuwa na viwanda. Ni nini kilichobadilisha hali ya hewa?

Kwa sehemu kubwa ni mwendo wa dunia yenyewe. Fikiria kile kichezeo cha watoto kiitwacho pia, kinapozunguka na kukaribia kuanguka: kichwa chake huyumba polepole. Mhimili wa dunia nao huyumba hivyo, na mzunguko wake huchukua takriban miaka 20,000 na ushee. Kuyumba huko hubadilisha ni msimu upi dunia huwa karibu zaidi na jua. Leo inakuwa karibu mwezi Januari. Miaka kama 11,000 iliyopita ilikuwa karibu katikati ya mwaka, upande wa kaskazini ukapata jua kali la kiangazi, mvua za msimu zikasogea kaskazini, na Sahara ikawa na maziwa, samaki na viboko. Kuna pia mzunguko wa miaka 41,000 wa mwinamo wa mhimili, na ile ya miaka 100,000 na 400,000 ya umbo la njia ya dunia kulizunguka jua. Aliyekokotoa hesabu hizi kwa kina ni Milutin Milanković wa Serbia, mwanzoni mwa karne ya 20.

Juu ya mizunguko hiyo yapo mambo mengine: miinuko niliyoitaja, na barafu iliyoanza kutanda kwa nguvu upande wa kaskazini wa dunia kama miaka milioni 2.7 iliyopita, ambayo ilibadili joto la bahari na mvua za Afrika. Hili la bonde letu lina upekee wake. Maziwa ya Bonde la Ufa mengi yako kwenye mabeseni yenye kuta na hayana mto wa kutokea. Mvua ikiongezeka kidogo tu, maji hujaa hadi kuwa ziwa refu. Ikipungua kidogo, linabaki bwawa la magadi. Badiliko ambalo kwingine lingepita bila kuonekana, hapa liliamua kama kuna maji au hakuna.

Mnajuaje mvua ilinyesha kiasi gani miaka milioni moja iliyopita?

Hatujui kwa milimita. Tunajua kwa dalili, na dalili zinazotoka vyanzo tofauti zikikubaliana tunapata moyo.

Mavumbi ni dalili mojawapo. Ukichoronga sakafu ya bahari karibu na Afrika unakuta mavumbi yaliyopeperushwa kutoka bara, mengi wakati wa ukame na machache wakati wa mvua. Mashapo ya maziwa ni dalili nyingine: tope lenye maganda ya mwani mdogo huonyesha maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na kina, magadi huonyesha maji yaliyokaushwa na jua. Chavua za mimea hukaa humo humo.

Dalili inayonivutia kuliko zote iko kwenye majani na meno. Mimea hukamata kaboni kwa njia tofauti. Mahindi, miwa, mtama, uwele na nyasi nyingi za nyikani wana njia moja. Mpunga, maharage, ndizi, mihogo na karibu miti yote wana nyingine. Kila njia huacha uwiano wake wa kaboni nzito na nyepesi. Nta iliyokuwa juu ya jani huingia kwenye tope na kudumu mamilioni ya miaka. Aliyekula mimea hiyo, au kumla aliyeila, hubeba alama hiyohiyo kwenye enameli ya jino lake.

Kwa nta za Olduvai, watafiti walionyesha mwaka 2013 kwamba katika kipindi cha miaka 200,000 tu, karibu miaka milioni 2 hadi 1.8 iliyopita, mahali pale paligeuka kutoka pori la miti kuwa nyasi tupu na kurudi, tena na tena, kama mara tano hivi. Si safari moja ya kwenda ukameni.

Na Zinjanthropus? Kwa nini aliishia njiani?

Fuvu la zamadamu huyu Mary Leakey aliliona Olduvai tarehe 17 Julai 1959, na jina lake linatokana na Zinj, jina la kale la pwani yetu. Magego yake ni makubwa ajabu, taya ni la nguvu, na kwa miaka mingi watu walisema alikuwa mpasuaji wa kokwa ngumu. Kisha mwaka 2011 ukatoka uchunguzi wa kaboni kwenye meno ya jamii yake kutoka Kenya: zaidi ya robo tatu ya chakula chao kilikuwa cha kundi la nyasi na mafunjo. Meno yale yalikuwa ya kusaga majani na mashina siku nzima, mfano wa ng'ombe.

Kwa muda mrefu mkakati huo ulimfaa sana; jamii hii ilidumu zaidi ya miaka milioni moja, na mimi sipendi anapoelezwa kama aliyeshindwa. Lakini mwili uliojifunga kwa chakula cha aina moja humfunga mwenyewe mazingira yanapoyumba. Baada ya miaka kama milioni 1.2 iliyopita hatumwoni vizuri tena, wakati jirani yake, wa tawi la Homo, yaani jamii ya binadamu, mla kila kitu, aliendelea. Je, ni tabianchi iliyomwondoa, au ushindani na sisi, au na wanyama wengine wala nyasi? Nadhani vyote vilichangia, lakini hapo nasema kwa maoni yangu.

Je, ukame ndio uliowafundisha watu kutengeneza zana za mawe?

Zana za kale kuliko zote tunazozijua zimetoka Lomekwi, magharibi mwa Turkana, zina miaka milioni 3.3, na udongo wake unaonyesha palikuwa na miti. Kule Nyayanga, rasi ya Homa kando ya Ziwa Victoria, zana za kati ya miaka milioni 3.0 na 2.6 zilikutwa pamoja na mifupa ya viboko iliyochinjwa, mahali pa nyasi na chemchemi. Na pale Ewass Oldupa, Olduvai, zana za mtindo uleule za miaka milioni 2 zimekutwa katika tabaka baada ya tabaka huku mazingira yakibadilika: nyanda za magugu baada ya volkano, pori, ukingo wa ziwa, vichaka vya mitende. Mazingira yalibadilika, kisu kikabaki kilekile. Kwa macho yangu hili lina uzito mkubwa: zana haikuwa jibu la mahali pamoja. Ilikuwa ni kitu cha kubeba kwenda popote.

Na mwili wetu mrefu, wenye jasho jingi?

Hapa anatajwa mvulana wa Turkana, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu kandokando ya mto Nariokotome mwaka 1984. Ana miaka kama milioni 1.5, alikuwa na kimo cha karibu mita 1.6 akiwa bado mtoto, na miguu yake ni mirefu. Mwili wa namna hiyo hupoteza joto vizuri na hutembea mbali kwa nguvu kidogo, jambo la maana panapokuwa na umbali mrefu kati ya maji na maji. Kuhusu jasho na manyoya, ngozi haibaki kuwa kisukuku, kwa hiyo hoja yake inajengwa juu ya umbo la mwili na jenetiki.

Olorgesailie ina umuhimu gani?

Kama ningepewa mahali pamoja pa kumwonyesha mtu jambo hili, ningechagua hapa, kama kilomita 70 kusini magharibi mwa Nairobi, njia ya Magadi. Rick Potts wa Smithsonian, taasisi ya Marekani, na wenzake wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya wamefanya kazi hapo tangu mwaka 1985, na wanaochimba kwa mikono yao, wanaojua kila kijito na kila tabaka, ni Wakenya.

Kwa mamia ya maelfu ya miaka, kuanzia kama miaka milioni 1.2 iliyopita hadi karibu 500,000, watu wa hapo walitengeneza mashoka ya mkono. Makubwa, mazito, ya umbo la tone la maji, na yamefanana kupita kiasi. Mawe waliyachukua palepale; mengi yametoka ndani ya kilomita 5. Pembeni yao waliishi wanyama wakubwa wala nyasi: tembo wa jamii iliyotoweka, nyani jitu, pundamilia jitu.

Kisha pana pengo. Mmomonyoko umeondoa tabaka za kati ya miaka 500,000 na 320,000, na mtu anayesoma ukuta wa udongo anakuta kurasa zimechanwa. Zinapoanza tena, kila kitu ni kipya. Asilimia 85 ya aina za wanyama wanaonyonyesha zimebadilishwa na nyingine, zenye miili midogo. Mashoka mazito hayapo. Zipo ncha ndogo zilizochongwa kwa ustadi, na nyingi ni za obsidiani, lile jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, ambalo halipatikani Olorgesailie. Limetoka kilomita 25 hadi 50, na baadhi mbali zaidi. Vipo pia vipande vya mawe mekundu na meusi yaliyosagwa kupata rangi. Hayo yalitangazwa mwaka 2018.

Obsidiani ya mbali maana yake nini? Mtu alitembea mwenyewe, au alimjua mtu aliyemjua mtu. Mimi, pamoja na watafiti wengi, naona hapo mwanzo wa mitandao ya kusaidiana: ukame ukikukuta kwako, una jamaa ng'ambo ya mlima. Wafugaji wa nchi hiyohiyo leo hukopeshana ng'ombe na malisho kwa mantiki ya namna hiyo. Sisemi ni desturi moja iliyodumu miaka 300,000. Nasema nchi ni ileile na hitaji ni lilelile.

Ili kujaza pengo, mwaka 2012 timu ilichoronga katika beseni la Koora, karibu na machimbo, ikatoa nguzo ya mashapo ya mita 139 yenye kumbukumbu ya miaka milioni moja. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2020, yanaonyesha muda mrefu wa utulivu, halafu kuanzia kama miaka 400,000 iliyopita mambo yanavurugika: ardhi inakatika kwa mipasuko, mabeseni ya maji yanakuwa madogo, majani yanabadilika mara kwa mara, maji yanakuja na kuondoka.

Basi kilichotufanya tuwe watu ni ukame, au kubadilikabadilika?

Potts ameshikilia tangu miaka ya 1990 kwamba ni kubadilikabadilika: mazingira yasiyotabirika huwapendelea wanaoweza kuishi popote kuliko waliozoea mahali pamoja. Elisabeth Vrba, mtaalamu wa visukuku, katika miaka ya 1980, alisema kinyume kidogo, kwamba vipindi maalumu vya kukauka vilisababisha aina nyingi za wanyama kutoweka na nyingine kuzaliwa kwa pamoja. Mashapo ya Ziwa Magadi, jirani kabisa na Olorgesailie, yanaonyesha kukauka kwa hatua kuanzia kama miaka 575,000 iliyopita. Watu wawili wakichoronga umbali mfupi namna hiyo wanapata hadithi zinazolingana kwa kiasi tu, na hilo lenyewe linafundisha: kila beseni lina tabia yake.

Mimi naegemea upande wa Potts. Zana za Ewass Oldupa, meno ya Zinj na obsidiani ya Olorgesailie, kila kimoja kwa njia yake, vinaelekeza huko. Lakini upo mtego ambao lazima niutaje. Tabianchi ya kale ilibadilika mara nyingi mno, na visukuku tulivyonavyo ni vichache. Ukichukua kisukuku chochote, utakuta badiliko fulani la hali ya hewa karibu yake. Ni kama mtu anayetabiri mvua kila asubuhi mwezi Aprili. Atapatia, lakini hajathibitisha kwamba anajua siri ya mawingu. Ndiyo maana uchorongaji kando ya machimbo yenyewe una thamani kubwa, kwa kuwa unaweka mfupa na mvua yake mahali pamoja.

Kuna mahali ambapo binadamu alibadilika bila mazingira kuvurugika?

Kuna, tena Pwani. Panga ya Saidi, pango la Kilifi, lina tabaka za miaka 78,000. Hapo msitu wa pwani na nyasi vilikaa pamoja, mvua za Bahari ya Hindi hazikuwahi kukata kabisa, na watu waliendelea kuishi hapo. Hata hivyo zana zao zilibadilika kuwa ndogo kama miaka 67,000 iliyopita, na shanga zikatokea. Hakuna janga la ukame lililowasukuma.

Hapo ndipo alipozikwa mtoto wa miaka kati ya miwili na mitatu, ambaye wachimbaji walimpa jina Mtoto. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa, na jinsi kichwa kilivyokaa inaonyesha kiliwekewa kitu laini kama mto, kilichooza baadaye. Kaburi lina miaka kama 78,000. Ni la kale kuliko yote ya watu kama sisi yanayojulikana Afrika. Ilitangazwa mwaka 2021. Kila ninapolieleza, darasa hunyamaza.

Lilinganishe pango hilo na Ziwa Nyasa. Kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita, ukame mkubwa ulishusha maji ya ziwa hilo kwa kama mita 600. Huku bara lilikauka, kule pwani palikuwa na hifadhi. Watu hawakukutana na "tabianchi ya Afrika" kwa ujumla. Kila kundi lilikutana na ya kwake.

Ni kweli volkano ya Toba ilikaribia kutumaliza?

Volkano hiyo ya Sumatra ililipuka kwa kishindo kikubwa kama miaka 74,000 iliyopita, na majivu yake yamepatikana hadi kwenye tope la Ziwa Nyasa. Ila tope hilohilo halionyeshi baridi kali wala mimea kufa baada yake. Kwa Afrika Mashariki, hadithi ya kuponea chupuchupu haina msingi.

Kama tulipita ukame wote huo, mabadiliko ya sasa si yatapita tu?

Naulizwa hili kila mwaka na linanisumbua moyoni. Waliopita ni mababu zetu. Aina nyingine za zamadamu hazikupita, na Olorgesailie asilimia 85 ya aina za wanyama hazikupita. Makundi yaliyosalia yalikuwa madogo na yangeweza kuhama. Mkulima wa leo ana mpaka wa shamba, deni la mbegu na watoto shuleni. Tena mabadiliko mengi ya zamani yalichukua maelfu ya miaka, haya ya sasa tunayaona katika umri wa mtu mmoja.

Naweza kuyaona wapi haya?

Fuvu la Zinj limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, na mvulana wa Turkana yuko Nairobi. Olduvai ina makumbusho ukingoni mwa bonde. Jina lenyewe ni la Kimaasai, oldupai, ule mkonge mwitu unaouona umesimama kila mahali. Nyayo za kwanza za Laetoli zimefukiwa tena ili zisiharibike, kwa hiyo utaona nakala tu.

Olorgesailie nenda asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, na beba maji. Kuna daraja la mbao linalopita juu ya mamia ya mashoka yaliyoachwa pale yalipokutwa. Ukimaliza kuyatazama, teremka na mwelekezi hadi kwenye kuta nyeupe za udongo. Chukua chembe, isugue kati ya vidole. Ni laini kama unga wa muhogo, na yote ni maganda ya mwani wa maji baridi, kutoka ziwa lililokuwa hapo ulipo wewe sasa, kwenye vumbi.